Mjue votsotsa, panya wa Madagaska anayezaa mtoto mmoja tu huku msitu wake ukiisha

Ukisikia neno panya, akilini anakuja kiumbe anayezaliana bila hesabu: leo wawili stoo, baada ya miezi michache ukoo mzima. Huko Madagaska kuna panya ambaye hana habari na mambo hayo. Anaitwa votsotsa. Huzaa mtoto mmoja kwa uzazi, huishi na mwenzi mmoja hadi kifo kiwatenganishe, na sasa yuko kwenye hatari kubwa ya kutoweka.

Ni panya kweli kweli. Mtu mzima ana zaidi ya kilo 1, karibu sawa na wale panya buku wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini. Masikio yake yamesimama kama ya sungura na miguu ya nyuma ni mirefu. Kwa kawaida hutembea kwa miguu minne, ila akishtushwa huruka juu karibu mita moja.

Anapatikana wapi? Sehemu moja tu duniani: mkoa wa Menabe, magharibi mwa Madagaska, katika misitu mikavu kaskazini mwa mji wa Morondava. Ni upande uleule wenye barabara ya mibuyu ambayo watalii hawachoki kuipiga picha. Mabaki ya mifupa yanaonyesha kuwa zamani alienea hadi kusini mwa kisiwa.

Anahitaji mchanga laini wa kuchimba na majani makavu mengi chini ya miti. Shimo la familia huweza kuwa na milango hadi sita, na mingine huzibwa kwa udongo na majani ili nyoka asipenye. Adui zake wakubwa ni nyoka aina ya boa na fosa, mnyama mla nyama mwenye umbo la paka mrefu. Usiku ukiingia, votsotsa hutoka kutafuta matunda yaliyodondoka, mbegu na majani. Tunda hulishika kwa mikono miwili, kama mtu anayekula embe.

Watafiti walioanza kumfuatilia katika msitu wa Kirindy miaka ya 1990 walikuta ndoa zenye msimamo kuliko za wanyama wengi. Dume na jike hulinda pamoja eneo la hekta 3 hadi 4, na baba hushiriki kumlinda mtoto. Jike akifiwa na mume hahami. Hubaki kwenye shimo lake mpaka apatikane dume mwingine.

Hapa kwenye uzazi ndipo penye shida. Panya wa nyumbani hubeba mimba wiki 3 na kuzaa watoto sita au zaidi. Votsotsa hubeba miezi mitatu hadi minne na zaidi, kwa ajili ya mtoto mmoja. Kwa mwaka, jozi ikijitahidi sana, hupata wawili. Na si wote wanaokua.

Mwendo huo ulimfaa wakati msitu ulikuwa mkubwa. Sasa miti inakatwa na kuchomwa ili kupanda mahindi na karanga. Majivu hurutubisha udongo, shamba hutoa vizuri miaka michache, kisha magugu yanazidi na mkulima anasogea mbele. Wengi wa wanaofungua mashamba ni watu waliokimbia ukame wa kusini, kwa hiyo kuwalaumu wao peke yao si haki. Menabe Antimena ilipewa ulinzi wa kudumu kisheria mwaka 2015, lakini moto bado unawashwa. Vijiji vikisogea, mbwa nao wanaingia msituni kuwinda.

Shamba likiachwa huota vichaka, na vichaka havimfai votsotsa.

Mwaka 1990 mwanahifadhi Gerald Durrell alichukua wachache na kuwapeleka kisiwa cha Jersey. Huko walizaana, na vizazi vyao vikapelekwa kwenye bustani nyingine za wanyama. Porini hesabu ni ngumu zaidi: jozi iliyochomewa msitu leo, hata ikipata pengine pa kuchimba, itasubiri takriban miaka miwili tangu binti yake azaliwe kabla naye hajaweza kuzaa.