Ajali Yenye Kinga

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Lakini ziko ajali ambazo kinga yake ilikuwapo, ikakataliwa. Tarehe 18 Juni, 2023, nyambizi ndogo ya Titan, mali ya kampuni ya binafsi ya Marekani, ilipondwa na uzito wa maji ikiwateremsha watalii kwenye mabaki ya meli ya Titanic, yaliyo kina cha mita 3,800 hivi. Watu wote 5 walifariki, akiwamo mkuu wa kampuni hiyo.

Chombo hicho hakikuwa na hati ya chama chochote cha kukagua meli. Wataalamu walionya mwaka 2018, wasisikilizwe. Abiria waliolipa waliitwa “wataalamu wa safari”, na kazi ikafanyika bahari kuu, nje ya mipaka ya nchi yoyote. Agosti 2025, Walinzi wa Pwani wa Marekani walitamka kwamba msiba ule ungeweza kuepukwa.

Sisi wa visiwani, tuliowazika wenzetu wa Spice Islander, iliyopakia kupita kiasi mwaka 2011, twaijua thamani ya ukaguzi. Hapana budi serikali zidai hati kabla abiria wa kwanza hajapanda, popote chombo kiendako. Alipe maelfu ya dola au nauli ya mashua, roho ya abiria ni moja.