Gundi Isiyoshika

 

Leo tumekuja na kitu kidogo sana mkononi. Ni kikaratasi cha njano, upana wake hauzidi kiganja, nacho kina gundi kidogo ukingoni kwa nyuma. Makarani hukibandika juu ya faili, kisha hukibandua bila kuchana kitu. Wengi wenu mmekiona ofisini, pengine mkadhani ni mchezo wa watu wenye karatasi nyingi. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka yalipotupata yaliyotupata.

Jumapili moja, miaka mingi iliyopita, mzee wa kanisa alitupa kipande cha karatasi pale mlangoni. Mama mmoja mjane, ng'ambo ya mto, alikuwa mahututi, naye aliomba aletewe Ushirika Mtakatifu. Tulikitia kile kipande ndani ya kitabu cha nyimbo, kwenye wimbo wa mwisho, ili tusisahau kutangaza. Wimbo wa kwanza ulipoanza tukafungua kitabu, karatasi ikaponyoka, ikaingia chini ya mimbari. Hatukutangaza, wala hatukwenda. Siku ya Alhamisi tuliitwa kwenda kumzika. Kijana anayefagia kanisa alituletea kile kikaratasi Jumamosi, akidhani ametuokotea kitu cha maana.

Basi mtatuelewa tukisema kwamba tulisikiliza kwa makini sana tulipokuja kusikia kuwa vikaratasi hivi vya njano vilitokana na shida iyo hiyo: karatasi kuanguka kutoka kitabu cha nyimbo kanisani.

Mambo yalianza mwaka wa 1968 katika kampuni ya 3M, jimbo la Minnesota, huko Marekani. (Kampuni hiyo yenyewe ilianza mwaka wa 1902 kwa kosa. Wenyewe walinunua mgodi wakitumaini kuchimba jiwe gumu la kunolea, wakakuta ni jiwe jingine lisilofaa kazi hiyo.) Mkemia mmoja, Spencer Silver, alikuwa akitafuta gundi yenye nguvu nyingi. Alichopata ni gundi dhaifu. Ilishika, lakini ukivuta kidogo tu inaachia.

Sababu yake ni hii. Gundi ya kawaida ikipakwa hutandaa kama uji, ikajaza kila tundu la karatasi, na ikikauka imeshikana na kila uzi. Gundi ya Silver haikutandaa. Ilijikusanya kuwa vitone vya mviringo, vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Chukueni machungwa, myapange kwenye sinia, kisha mlaze ubao juu yake. Ubao utagusa kila chungwa mahali padogo tu, pale juu kabisa, na sehemu kubwa iliyobaki ni hewa tupu. Ndivyo karatasi inavyokaa juu ya vitone hivyo. Vinashika kwa ncha zake, kwa hiyo vinaachia upesi, na kwa kuwa havikuharibika vinaweza kushika tena mara nyingi. Mwishowe vumbi huvifunika na kazi yake huisha. Ndiyo maana kikaratasi cha njano hakidumu katika vyumba vyetu vya vumbi kama kinavyodumu mjini.

Mtu mwingine angaliimwaga na kujaribu upya. Silver hakuimwaga, wala hakuificha. Kwa muda wa miaka kama mitano alizunguka ndani ya kampuni, akiwaeleza wenzake habari za gundi isiyoshika vizuri, akiuliza kama yupo mwenye kazi nayo. Hapo ndipo tunapomstahi zaidi. Kwani si jambo rahisi kwa mtaalamu kusimama mbele ya wataalamu wenzake, mwaka baada ya mwaka, na kitu ambacho hakikutimiza kazi iliyokusudiwa. Wala hakujua jibu. Alikuwa na swali tu.

Miongoni mwa waliomsikia alikuwa Art Fry, ambaye siku ya Jumapili aliimba kwaya katika kanisa la Presbyterian. Katikati ya juma, kwaya ikifanya mazoezi, alitia vipande vya karatasi katika kitabu chake cha nyimbo. Ikifika Jumapili vimeanguka. Mwaka wa 1974 akaikumbuka ile gundi ya mwenzake.

Msidhani kila kitu kikawa sawa siku hiyo. Alama zake za kwanza ziliacha gundi kwenye kurasa za nyimbo, jambo ambalo kwaya yoyote ingelalamikia. Ikawabidi wenzake wawili, Roger Merrill na Henry Courtney, watafute kitu cha kupaka kwanza kwenye karatasi ili gundi ikae upande mmoja isihame. Na ile rangi ya njano hakuna aliyeikalia kikao. Chumba cha jirani kilikuwa na mabaki ya karatasi za njano, wakazitumia. Mwaka wa 1977 vikaratasi viliuzwa kwa majaribio katika miji minne, watu wakavipita tu. Mwaka uliofuata kampuni ikavigawa bure mjini Boise, na zaidi ya watu 90 katika kila 100 waliovijaribu walisema wangenunua. Mwaka wa 1980 vikaenea Marekani nzima. Tangu gundi ipatikane ilikuwa miaka 12. Silver alifariki mwaka wa 2021.

Sasa turudi ng'ambo ya mto. Baada ya mazishi tulikaa na kosa letu majuma mawili, tukitumaini hakuna ajuaye isipokuwa kijana wa ufagio. Jumapili ya tatu tulisimama mbele ya ushirika tukasema wazi jinsi kikaratasi kilivyoanguka, na nani aliyetungoja siku nne asituone. Kanisa lilinyamaza kimya. Binti wa marehemu alikuwepo, naye hakutuangalia.

Baada ya ibada akina mama wawili walitufuata. Walisema wao hupita vijiji vile kila Jumanne wakienda sokoni, nao huwajua wagonjwa wote kwa majina, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Tangu siku ile habari za wagonjwa hutufikia kwa midomo yao Jumanne jioni, na Jumatano tunapanda baiskeli. Mmoja wa wale wawili siku hizi hufuatana na binti yule.

Vikaratasi vya njano tunavyo pia, katika kitabu cha nyimbo. Lakini kile cha kwanza, chenye jina la mama yule, tumekibandika ndani ya jalada la Kitabu cha Sala kwa gundi ya kawaida.