Inkscape: Hivi Ndivyo Unashika Kitu Kimoja Bila Kuharibu Bango Lote

Mteja ametuma nusu ya doo, anataka tarehe ya shoo ibadilishwe sahii. Shida ni, kila ukibonyeza tarehe, unashika ile picha imelala juu yake. Tulia msee, usianze kufuta vitu.

Shika Alt ukibonyeza hapo hapo. Kila ukirudia, Inkscape inashuka kwa kitu cha chini. Kama tarehe iko ndani ya kundi, tumia Ctrl, kundi halivunjiki. Unataka kuongeza kingine? Shift. Ukivuta boksi na mausi, kitu lazima kiingie chote. Kikitokeza hata kidogo, hakishikwi. Na kama vitu ni vidogo, Tab inakupeleka kimoja kimoja.

Badilisha tarehe, tuma, uitishe doo iliyobaki.