Jina la tatu si jina la ukoo: Mifano ya Meru na Embu

Mzee mmoja wa Runyenjes, kaunti ya Embu, ameniletea swali ambalo nimelitafuna wiki nzima. Binti yake ameolewa na Mjerumani, mjukuu amezaliwa huko, na fomu inataka jina la familia la kila mzazi. Binti hutumia Njeru, jina la babake, kama jina la tatu. Je, Njeru ni jina la ukoo?

Jibu fupi ni kwamba silo. Jibu refu linatupitisha kwanza Ujerumani.

Kabla ya karne ya 12, Mjerumani wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Miji ilipokua, akina Johannes wakazidi, ikabidi kila mmoja aongezewe neno la kumtambulisha: kazi yake, kijiji alikotoka, sura yake au jina la babake. Schmidt alikuwa mhunzi, Müller mwenye kinu, Metzger mchinjaji, Schäfer mchungaji wa kondoo. Johannes Rebmann, yule mmishenari wa Rabai aliyeona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, alizaliwa Gerlingen, na jina lake lina maana ya mtu wa mizabibu. Hatimaye neno hilo likaganda. Mwana wa Schmidt akaitwa Schmidt hata kama alishona viatu, na mjukuu vivyo hivyo. Jina la ukoo lilizaliwa pale lilipoacha kumweleza mwenye nalo.

Sasa njoo kwetu mlimani. Muturi ni mhunzi, sawasawa na Schmidt. Murithi ni mchungaji, na Kithinji ni mchinjaji. Sikiliza tu thinja na chinja, ni ndugu wa damu. Kwa kurima, yaani kulima, Wameru wana Murimi, Kirimi na Karimi. Mzizi ni mmoja, kilichobadilika ni kiambishi cha ngeli: mu- ni ile m- yetu ya mkulima, ki- huelekea kwa wanaume, nayo ka-, ya udogo na mapenzi, huelekea kwa wasichana. Ndiyo maana Kirimi ni mvulana na Karimi ni msichana, wote wakulima.

Hapa Mswahili asiteleze. Mwenda wa Meru hana safari yoyote, kwa kuwa kwenda kwa Kimeru ni kupenda. Ukimwongezea -w- ya kutendwa, kama tufanyavyo sisi, unapata Mwendwa, anayependwa. Makena naye ametokana na kufurahi. Nayo Njeru iliyoanzisha mazungumzo haya inatokana na weupe, kama Njiru inavyotokana na weusi.

Mtu akiona Muturi na Schmidt zikifanana hivyo, atadhani ni mfumo mmoja. La hasha! Schmidt hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kukatika. Muturi huruka. Kwa desturi ya Embu, mtoto wa kiume wa kwanza humrudisha babu mzaa baba, wa pili humrudisha babu mzaa mama, na wasichana hufuata nyanya kwa mpangilio huohuo. Chukua mzee aitwaye Nyaga. Mwanawe ni Njeru wa Nyaga. Mjukuu wa kwanza ni Nyaga wa Njeru. Kitukuu ni Njeru wa Nyaga tena. Majina mawili yanapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mlazimishe Nyaga awe jina la ukoo, na mjukuu huyo ataitwa Nyaga Nyaga!

Ukoo wenyewe, ambao Wameru huuita mwiriga, una jina lake tofauti. Huko Mbeere, kwa mfano, upo ukoo wa Igamuturi. Mwanaukoo anaweza kuitwa Njoka, Mbogo au Ireri, na kitambulisho chake kisiseme lolote kuhusu Igamuturi.

Basi jina la tatu lilitoka wapi? Kwenye fomu, nakwambia. Sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtaka mwanamume Mwafrika aandikishwe. Misheni nazo ziliweka jina la ubatizo mbele. Katika safari hiyo kale ka “wa” kalikosema nani ni mwana wa nani kakadondoka, na jina la baba likasimama peke yake kana kwamba ni la ukoo.

Meru kulikuwa na chombo kingine cha kusema hivyo: ile M' yenye ritifaa, ambayo kwa kawaida huelezwa kuwa “mwana wa”. Aliyekuwa waziri Kirugi M'Mukindia alibaki nayo. Jackson Angaine, waziri wa ardhi wa kwanza baada ya uhuru, alijulikana kwa Angaine, ilhali babake, chifu, alikuwa M'Angaine.

Msidhani haya ni mambo ya wanaisimu tu. Hati ya shamba ikiandikwa M'Mwirichia, kitambulisho kikaandikwa Mwirichia, na cha mwana kikawa Muirichia, siku ya urithi familia itatafuta barua ya chifu na hati ya kiapo kuonyesha kwamba hao si wazee watatu. Nimewahi kukaa foleni na mjane aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya ritifaa moja. Makosa si yake. Kimeru na Kiembu zina irabu saba, lakini makarani walikuwa na herufi tano tu, na kila mmoja akakisia alivyosikia.

Kwa hiyo, mzee wangu, binti aandike Njeru kwa kuwa ndilo lililo kwenye pasipoti yake. Ila jina hilo likiwa la familia huko, litaganda kama Schmidt: vitukuu wataitwa Njeru hata kama hawajui lilikuwa la nani. Ukitaka urudishwe kwa njia ya Embu, omba Njeru liwekwe kwenye nafasi ya jina la kwanza. Lakini usiwe na haraka. Kifungua mimba, kama ni wa kiume, ni wa yule babu Mjerumani. Zamu yako ni ya mvulana wa pili.