Kituo cha Simu za Hatari Hakilali

Mwezi wa Novemba 1935 nyumba moja iliwaka moto katika barabara ya Wimpole Street, London, na wanawake watano wakafa. Jirani aliyeuona moto alipiga simu upesi, lakini simu yake ilichanganyika na simu za kawaida, akangojeshwa. Kwa sababu ya msiba huo, tarehe 30 Juni 1937 nambari 999 ilianza kutumika mjini humo. Ilipopigwa, taa nyekundu iliwaka na king'ora kikalia, ili simu hiyo itangulie zote.

Lakini nambari peke yake haimwokoi mtu. Katika kituo kilicho imara, kiti cha mpokea simu hakiachwi wazi usiku wala mchana. Aliye zamu haondoki mpaka mwenzake ameketi mahali pake. Watu wa akiba huwekwa tayari kwa saa zenye simu nyingi. Umeme ukizimika, jenereta hushika kazi. Na mitambo ikiharibika, simu hupelekwa kituo kingine.

Katika Kenya nambari za polisi ni 999 na 112. Apigaye na aseme kwanza mahali alipo, kisha jambo lililotukia, wala asikate simu mpaka aambiwe. Na apigaye kwa mzaha akumbuke kwamba amemshika mpokea simu ambaye, saa ile ile, labda jirani yake anamtafuta, nyumba yake ikiteketea.