Uso wa Madeleine

Akina mama wenzetu, uchoraji hujifunzwa kwa kunakili. Ndivyo vijana walivyojifunza kwa Edward Saidi Tingatinga, hapa Dar es Salaam, kabla hajafariki mwaka 1972. Sisi wa Buguruni tunanakili picha ya mwanamke mweusi iliyochorwa na Mfaransa Marie-Guillemine Benoist mwaka 1800. Ya asili iko Louvre, Paris.

Tulipiga miraba kwa penseli, tukahamisha mraba kwa mraba. Tabaka la kwanza huwa jembamba, rangi ya udongo iliyozimuliwa kwa tapentaini. Yanayofuata huongezwa mafuta, la sivyo rangi hupasuka. (Madirisha yawe wazi, na chupa mbali na watoto!) Nyeusi tupu haifai. Ngozi yetu ina wekundu, manjano, hata samawati. Sisi wauguzi tunaijua.

Benoist, mke na mama, aliacha kuonyesha kazi zake mumewe alipopata cheo serikalini. Aliyechorwa alikuwa mtumishi kutoka Guadeloupe, aliyewahi kuwa mtumwa, na kwa muda mrefu picha haikumtaja. Maonyesho ya Paris ya mwaka 2019 yaliipa picha jina lake: Madeleine. Tumeliandika nyuma ya turubai yetu. Macho bado hatujayamaliza.