Kabla ya Kununua Kitabu cha Lugha, Mjue Atakayekisoma

Milango ya shule inazidi kufunguliwa kwa Kiswahili. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mwaka uliofuata Afrika Kusini ikatangaza kwamba kuanzia 2020 kitaweza kufundishwa shuleni kama somo la hiari. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likakipitisha kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe shuleni. Sisi tunaokifundisha tunafurahi, na tuna haki ya kufurahi. Lakini kila uamuzi wa namna hiyo unazaa swali lisilongoja: wanafunzi hawa watatumia kitabu gani?

Jibu la haraka ni kuchukua kitabu kilichopo rafuni, kubadilisha jalada na kukipeleka darasani. Wizara huona imeokoa muda, mchapishaji huona amepata soko, na mwalimu hushukuru kwamba hakuachwa mikono mitupu. Gharama huonekana baadaye, pale mwanafunzi aliyesoma miaka mitatu anapofika Kariakoo na kushindwa kuuliza bei ya nyanya, ingawa jedwali zima la ngeli analikariri bila kusita. Mwanafunzi huyo si mvivu, na mwalimu wake si dhaifu. Kitabu walichopewa kilitungwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kila kitabu kina mwenyewe

Hakuna kitabu cha lugha kinachomfaa kila mtu. Mtunzi anapoketi kuandika huwa na mtu fulani machoni pake, na mtu huyo hubaki ndani ya kila zoezi, hata pale mtunzi asipomtaja.

Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Zanzibar, alitoa mwongozo wake wa Kiswahili mwaka 1870. Aliupanga kwa aina za maneno: nomino, vivumishi, viwakilishi, vitenzi, kisha orodha ndefu za msamiati. Mpangilio huo ulimfaa mtu wa mezani, mwenye kazi ya kutafsiri maandiko na muda wa kutafuta kila neno. Katika miaka ya 1930 F. H. Le Breton aliandika Up-Country Swahili kwa ajili ya wanajeshi, walowezi, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao huko Kenya. Watu hao walitaka lugha ya kuwaagiza wengine kazi. Sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka 1944 ilikuwa kazi ya kitaalamu iliyoutazama mfumo wa lugha kwa kina, nayo mpaka leo inamfaa anayetaka kuelewa jinsi Kiswahili kinavyojengeka.

Sisemi vitabu hivyo ni vibaya. Kila kimoja kilijibu haja ya wasomaji wake. Ila ukikirithi kitabu umerithi na haja hizo. Mwanafunzi wa leo anayefunzwa kwa mazoezi yaliyojaa amri, njoo, lete, ondoa, fagia, atazungumza kama mlowezi wa zama za ukoloni, na wenyeji watakunja nyuso bila yeye kujua amekosa nini. Sarufi yake itakuwa sahihi. Kitakachokuwa na kasoro ni uhusiano anaoujenga na anayesema naye, na uhusiano huo aliufunzwa na kitabu.

Vipimo vitatu vya Stevick

Mwaka 1971 Mmarekani Earl Stevick alichapisha kitabu kuhusu namna ya kurekebisha na kutunga masomo ya lugha. Alikuwa mtumishi wa taasisi ya Marekani inayofundisha lugha maafisa wa ubalozi, na tayari alikuwa ametunga masomo ya Kiswahili yaliyokwenda kwa mizunguko mifupi: mwanafunzi anaiga na kuchezea sentensi chache, kisha papo hapo anazitumia katika mazungumzo. Vipimo vitatu alivyopendekeza humo bado ni msaada mkubwa kwa mwalimu anayesimama mbele ya rafu ya vitabu.

Cha kwanza ni nguvu. Somo lina nguvu ikiwa mwanafunzi anapata faida anayoiona, ndani ya darasa au nje yake. Sentensi isemayo kwamba mti wa mzee ni mrefu ina upatanisho safi, ila mgeni hana mtu wa kumwambia. Akifunzwa kuuliza nauli ya kwenda Mwenge ni shilingi ngapi, atalitumia swali hilo jioni hiyohiyo.

Cha pili ni wepesi. Je, somo moja linaweza kumalizika mwanafunzi akiwa bado na hamu? Sura yenye maneno mapya sitini, nyakati mbili za kitenzi na shairi la kuhifadhi inamchosha mtu kabla hajafungua kinywa.

Cha tatu ni uwazi. Mwanafunzi aweze kuona maana ya sentensi na jinsi vipande vyake vinavyoshikamana. Ukimpa anasoma, unasoma, ninasoma, tunasoma kwa pamoja, ataona mwenyewe sehemu inayobadilika na sehemu inayokaa. Ukimpa maelezo ya ukurasa mzima kuhusu viambishi nafsi, huenda asione chochote.

Stevick aliongeza kwamba somo lililokamilika lina vijenzi vinne: mfano wa lugha ikitumika, nafasi ya kupanua msamiati, nafasi ya kuchunguza muundo, na tukio la kuitumia lugha hiyo kwa kweli. Fungua vitabu vyetu vingi vya Kiswahili kwa wageni. Vijenzi vitatu vya kwanza utavikuta, pengine kwa wingi. Cha nne ndicho kinachokosekana, na bila hicho vile vitatu havina pa kwenda.

Ngeli ipi itangulie?

Hapa ndipo mjadala wa walimu wa Kiswahili huwaka. Mazoea yanasema tuanze na ngeli ya A-WA, tufuate U-I, kisha tushuke kwenye jedwali mpaka mwisho. Mpangilio huo unavutia kwa sababu una utaratibu. Lakini tazama vitu ambavyo mgeni anavishika katika wiki yake ya kwanza: simu, pesa, chai, kahawa, nguo, dawa, soda, nyumba, barabara, bei, nauli. Vyote vimo katika ngeli ya I-ZI, ambayo vitabu vingi huifikia mwanafunzi akiwa amekwisha kuchoka na miti, mito na mikono.

Sitaki tulichome moto jedwali la ngeli. Nataka liwe mahali pa kufikia, lisiwe mahali pa kuanzia. Mwanafunzi aliyekwisha kusema mara nyingi chai hii ni tamu, simu yangu imepotea, nauli imepanda, atalipokea jedwali kwa furaha, kwa kuwa litampangia anachokijua. Anayelipokea mikono mitupu hulikariri kwa ajili ya mtihani, kisha hulisahau.

Mwanafunzi ana lugha yake

Kosa jingine ni kudhani kila anayeanza Kiswahili anaanzia patupu. Vitabu vingi tulivyo navyo vimewalenga Wamarekani na Wazungu, kwa hiyo hutumia sura nzima kueleza kwamba nomino zina makundi na kwamba kitenzi hulifuata kundi. Mganda anayesema Luganda hahitaji somo hilo. Kwake mtu ni omuntu na watu ni abantu, kitabu ni ekitabo na vitabu ni ebitabo. Mzulu naye ana umuntu na abantu. Wote wawili walijua upatanisho wa kisarufi kabla hawajajua kuandika. Kuwaeleza ngeli kana kwamba ni maajabu ni kuwapotezea muda, na pia ni kuwanyima fahari ya kugundua udugu wa lugha zao na Kiswahili.

Wanachohitaji ni kuonyeshwa mahali ndugu hawa wanapoachana. Kwa Mnyarwanda mti ni igiti na miti ni ibiti. Akifuata mazoea ya lugha yake atasema kiti na viti, na msikilizaji atamletea pa kukalia. Mzulu anayetofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti lazima ajue kwamba Kiswahili hakina mtindo huo, na kwamba mkazo karibu daima hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kitabu cha Kampala, cha Kigali na cha Durban vinaweza kuwa na mazungumzo yaleyale. Mazoezi na maelezo lazima yatofautiane. Hii si anasa. Ni njia ya kutumia vizuri saa chache ambazo ratiba ya shule inatoa.

Ni vivyo hivyo kwa mahali mwanafunzi anakoelekea. Atakayeishi Dar es Salaam afunzwe daladala, na atakayeishi Nairobi afunzwe matatu. Muuguzi atakayehudumia watu wa Goma asikie Kiswahili cha Kongo kutoka vinywani mwa Wakongo tangu mwanzo, hata kama ataandika Kiswahili sanifu.

Rahisisha kazi, usiguse matini

Walimu wengi hukwepa matini halisi wakihofia kwamba ni ngumu. Hutunga zao, fupi na safi, zisizofanana na chochote kilichowahi kuandikwa na Mswahili. Njia iliyo bora ni kuacha matini ilivyo na kupunguza uzito wa kazi unayompa mwanafunzi.

Chukua tangazo la nyumba ya kupanga, lile linalobandikwa ukutani au kutumwa kwa simu: chumba na sebule, choo ndani, luku yako mwenyewe, kodi miezi sita, hakuna dalali. Anayeanza apewe maswali matatu tu: ni vyumba vingapi, kodi ni ya miezi mingapi, choo kiko wapi. Aliyesonga mbele apige simu, mwenzake akiwa mwenye nyumba, aulize kuhusu maji na usalama. Aliyekomaa ajadili kwa nini wenye nyumba hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hilo lina maana gani kwa kijana anayeanza kazi. Matini ni ileile yenye maneno machache, na imehudumia madarasa matatu.

Hata tangazo la kifo linafaa. Mwanafunzi wa mwanzo atafute jina la marehemu, mahali pa maziko na saa, akikumbuka kwamba saa saba ya mazishi ni mchana. Mwenzake aliye juu aichunguze orodha ya jamaa wanaopewa taarifa: nani ni shemeji, nani ni wifi, nani ni mkwe, na kwa nini wote watajwe. Maneno ya ukoo yanamfunulia mengi kuhusu Waswahili ambayo sura ya utamaduni iliyobandikwa mwishoni mwa kitabu haitayafikia.

Matini ndefu za kusoma kwa starehe zinahitaji kipimo kingine. Mwaka 2000 Hu na Nation, waliochunguza wasomaji wa Kiingereza, walifikia hitimisho kwamba ili mtu aelewe hadithi bila msaada anahitaji kuyajua takriban maneno 98 katika kila 100. Mwalimu anaweza kujaribu: ahesabu maneno 100 ya ukurasa, amwambie mwanafunzi apige mstari asiyoyajua. Yakizidi mawili au matatu, hadithi hiyo isomwe kwa pamoja darasani. Ila Kiswahili kinadai tahadhari. Neno kama hawajatuambia limebeba ukanushi, nafsi mbili, wakati na mzizi. Anayejua ambia lakini hajafunzwa -ja- hajalijua neno hilo. Kwa hiyo anayetunga hadithi za ngazi ahesabu maneno na pia viambishi.

Mpe sababu ya kusema

Baada ya yote hayo, kipimo ninachokishikilia kuliko vyote ni hiki: je, zoezi linamfanya mwanafunzi amhitaji mwenzake? Mazungumzo ya kusoma kwa sauti hayamfanyi hivyo, maana majibu yote yako ukurasani. Lakini mpe mmoja orodha ya bei za soko isiyo na bei ya vitunguu na ndizi, mwenzake mpe orodha isiyo na bei ya mchele na maharage, kisha wakataze kuonyeshana. Sasa wana jambo la kuulizana kwa kweli. Tengeneza maamkizi kwa namna hiyohiyo: kila mwanafunzi apewe kadi yenye umri na cheo chake, na kila anayekutana naye aamue kama ni wa shikamoo, wa habari za leo au wa mambo. Atajifunza kwamba katika Kiswahili hatuwezi kumsalimu mtu kabla ya kutambua yeye ni nani kwetu.

Zana kama hizo hazihitaji mashine ya kuchapa. Zinahitaji kalamu, karatasi na mwalimu aliyepewa nafasi ya kufikiri. Na zinahitaji kujaribiwa. Brian Tomlinson, aliyeanzisha chama cha kimataifa cha watunzi wa zana za lugha mwaka 1993, amesisitiza kwamba tathmini ifanywe kabla ya zana kutumika, wakati inatumika, na baada ya kutumika. Sisi mara nyingi huishia kwenye ile ya kwanza: kamati inasoma muswada, inasahihisha tahajia, inatia muhuri. Hakuna anayekaa nyuma ya darasa kutazama ni wapi wanafunzi walinyamaza, ni wapi walirudi kwenye lugha zao, ni zoezi gani liliwafanya wasisikie kengele.

Ndiyo maana nawasihi wanaoandaa vitabu vya Kiswahili vya Uganda, Rwanda na Afrika Kusini: kabla ya kuchapa nakala elfu moja, chapeni thelathini. Zipelekeni kwenye darasa moja la kijijini na moja la mjini, kaeni humo muhula mzima, kisha rudini mezani na walimu wa madarasa hayo muandike upya. Mwalimu huyo anayemjua mwanafunzi kwa jina, kwa lugha ya nyumbani kwake na kwa kazi anayoitamani, ndiye aliyestahili kuitwa kwenye kikao cha kwanza cha utunzi.